Kigingi cha Mama Mkwe

3 Machi

Wifi yangu Daktari,

Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu siwezi. Mara ya mwisho nilipokupigia ulisema "haloo" tu, sauti ikawa ya kaka yako kabisa, nikakata. Ukadhani ni mtandao. Haukuwa mtandao. Basi barua hii nampa dereva wa gari la maziwa. Anapita hapa kila asubuhi na kurudi jioni, na geti la kituo chenu cha kuzalisha farasi liko njiani kwake.

Sisi hapa tupo. Miezi saba tangu kaka yako afariki ilitimia juzi. Kofia yake bado iko kwenye msumari wa mlango wa zizi. Buibui amejenga ndani yake na sijamfukuza.

Shida yangu ni Mama Mkwe. Farasi, si mama yangu, usije ukashtuka. Unakumbuka kaka yako alivyompa jina hilo, eti anamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni kama mama alivyomtazama siku aliyokuja kunichumbia. Mama alipopata habari hakukanyaga hapa miezi miwili. Na kaka yako wala hakujali, kila asubuhi akiingia zizini anavua kofia: "Shikamoo, Mama Mkwe." Farasi anampa mgongo.

Sasa ana miaka kumi na minane, na ndiye wa mwisho kati ya wale ambao kaka yako aliwazalisha mwenyewe hapa. Mwanangu alikuja wiki iliyopita. Akasimama mlangoni na viatu vyake vya mjini, akasema, "Mama, huyu anakula tu. Kama hana mimba mwisho wa Machi, tumpeleke kwenye shule ya kupanda farasi." Nikamwambia sawa. Nilikuwa nimechoka, wifi, ningesema sawa hata kama angetaka kuuza paa.

Najua Bwana Mkubwa, dume lenu, anaondoka kituoni tarehe 29, na kaka yako alikuwa akisema mwaka huu lazima awakutanishe hao wawili. Alisema tangu mwaka juzi. Siku ya msiba wewe mwenyewe ulitaja kwamba kuna sindano za kupanga siku ya yai kutoka, ili mbegu zisipotee. Njoo unisaidie. Kigingi leo kiko tundu la nne. Kile kibao cha kaka yako pale mlangoni unakijua: matundu ishirini na moja, kigingi kimoja, kila asubuhi tundu moja mbele. Sijakiacha hata siku moja tangu aondoke.

Kitanda cha chumba cha mbele nimekitandika.

Wako,
Wifi


5 Machi

Wifi,

Barua imefika. Kama tarehe 3 kigingi kilikuwa tundu la nne, tarehe 8 kitakuwa la tisa. Katika mzunguko wa jike wa siku ishirini na moja, siku hiyo ni nzuri.

Sikiliza kwa makini. Yai la farasi likishatoka, pale lilipokuwa panabaki kiini cha manjano. Hicho ndicho kinachomwambia jike: tulia, huenda umebeba. Sindano ninayotuma inakinyamazisha. Kikinyamaza, siku tatu au nne jike anarudi kwenye joto, yaani anataka dume, na tunapata kuhesabu. Lakini kiini kiwe kimekomaa, kimepita siku tano. Kikiwa kichanga hakisikii dawa.

Jirani yako Sajini apige, msuli wa shingo, tarehe 8 asubuhi. Mama Mkwe atatoa jasho na kukwaruza chini kama nusu saa hivi. Msiogope, itapita. Kisha kila siku Sajini amlete yule dume wake mdogo, Kibogoyo, asimame upande wa pili wa ua, muone kama Mama Mkwe anamkubali.

Glavu mbili kila mkono. Dawa hii hupenya kwenye ngozi. Mwanamke mwenye mimba asiiguse hata tone, wala mwenye pumu. Wewe pia kaa mbali.

Mimi sitaweza kuja. Kazi zimebana. Naomba usinisubiri.

Daktari


12 Machi

Wifi yangu,

Sindano ilipigwa tarehe 8 kama ulivyoagiza. Sajini alivaa glavu nne na kofia yake ya zamani ya polisi, sijui kofia ilihusika nini. Mama Mkwe alilowa jasho mpaka kwato, akakwaruza, akamtazama Sajini kwa jicho lile. Baada ya nusu saa akaomba majani.

Leo ni siku ya nne na hakuna kitu. Kibogoyo analetwa, anaimba mpaka anakauka koo, Mama Mkwe anarudisha masikio nyuma na kuzungusha tako kama anataka kumrusha mjini. Kigingi kiko tundu la kumi na tatu. Zimebaki siku kumi na saba Bwana Mkubwa aondoke. Nimeanza kumzoesha farasi kwenda kwa kamba fupi, ili shule wakimchukua asiwape taabu. Namfundisha kuondoka, huku namsugua.

Kitanda cha chumba cha mbele nimekitandua.

Wifi, acha niseme, maana kwenye karatasi huwezi kuniona. Barua yako haikuwa na salamu. Mwisho umesaini "Daktari", kama unamwandikia mteja. Tangu mazishi hujafika hapa. Kama ni kwa sababu ya siku ile, sema tu, nitaelewa. Nilikuwa nashona mapazia na redio nimeifungua juu. Nilimwita aje ale, hakuja. Nikamwita tena. Halafu nikakasirika, nikafunika chakula, nikaendelea na mapazia. Saa nzima, wifi, nilikuwa nimemkasirikia mtu aliyelala chini pale zizini. Mapazia yenyewe sijayatundika mpaka leo.

Kama unanilaumu, huna haja ya kuja kuniambia. Nilijilaumu mwenyewe kabla yako.

Wifi


13 Machi

Kwa Daktari wa Kituo,

Taarifa.

Mimi Sajini, jirani, mtunza farasi wa polisi mstaafu, miaka ishirini na miwili, nathibitisha kwamba sindano ilipigwa saa mbili kamili asubuhi, msuli wa shingo, upande wa kushoto. Mgonjwa alitoa jasho. Mpigaji pia.

Jambo la kuongeza. Siku hiyohiyo ya sindano, mgonjwa alimng'ata Kibogoyo sikio la kulia. Nilidhani ni hasira za dawa. Lakini jana nikawaza. Siku kama tano kabla ya hapo, nilikuwa nampitisha Kibogoyo kando ya ua nikienda kisimani, na mgonjwa alikuwa akija mbio, anainua mkia, anasimama kimya kama binti wa watu. Siku hizo hakuna aliyeniuliza, kwa hiyo sikusema. Kwetu usipoulizwa husemi.

Jambo la pili si la farasi. Wifi yako hali vizuri. Juzi nilimkuta amesimama mbele ya kile kibao cha matundu kwa muda mrefu, anakipangusa kwa upindo wa nguo. Nikamwambia, "Mama, hicho ni kibao, si picha." Akaendelea kupangusa. Mimi si mtu wa maneno. Nimeona niripoti.

Sajini


14 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Hayo ya redio na mapazia nimeyajua leo, kwa barua yako. Hakuna mtu aliyewahi kukulaumu, na mimi sijawahi kuwaza hivyo hata dakika moja. Daktari aliyempima alisema moyo ulisimama mara moja, kama mtu anayezima taa. Ungekuwa umesimama karibu yake umemshika mkono, ungemshika tu. Nitakujibu yote, na kwa nini siji, nakuahidi. Lakini kwanza nijibu hili, usinifiche.

Sajini ananiambia Mama Mkwe alikuwa akiinua mkia siku chache kabla ya sindano. Farasi aliye tundu la sita au la saba hainui mkia, wifi. Hiyo ni kazi ya tundu la kumi na tisa. Kaka alikuwa na desturi yake: kila siku alimleta Kibogoyo, na siku jike alipoanza kukataa baada ya joto, ndipo alipokirudisha kigingi tundu la kwanza. Hata kama kilikuwa kimefika la kumi na nane, hata kama kilikuwa kimekaa la ishirini na moja siku tatu. Kigingi kilimfuata farasi.

Sasa niambie. Tangu kaka afariki, ni nani alikuwa anamleta Kibogoyo? Na kigingi kilikuwa kinarudi tundu la kwanza kwa sababu gani?

Nijibu leo jioni kwa gari la maziwa. Sijakasirika.

Wifi yako


15 Machi

Wifi yangu,

Hakuna aliyemleta.

Nimekaa na barua yako mpaka chai ikapoa, nikaitengeneza tena, nayo ikapoa.

Asubuhi ya kwanza baada ya mazishi, ninyi mlikuwa bado mmelala. Nilitoka kumnywesha farasi maji, nikakuta kigingi kiko tundu la kumi na tatu, pale alipokiacha. Unajua alikuwa na kamsemo: akikichomoa anasema, "Tundu jipya, siku mpya," halafu anapuliza vumbi kwenye tundu. Nikakitazama. Nikaona nikikiacha pale, basi ndiyo imekwisha, hilo ndilo litakuwa tundu lake la mwisho. Nikakichomoa. Nikapuliza. Nikaweka la kumi na nne. Kesho yake la kumi na tano. Kilipofika la ishirini na moja nikakirudisha mwanzo, kama mtu anavyofungua kalenda mpya.

Miaka yote ile nilimwona wakati mwingine akikirudisha kabla hakijafika mwisho, au akikiacha palepale siku mbili. Nilidhani anasahau. Nilimcheka, wifi. Nilimwambia, "Mzee, hata kuhesabu mpaka ishirini na moja kunakushinda?" Naye akacheka, hakunieleza. Labda aliona raha nikimcheka.

Kwa hiyo miezi saba kigingi kimezunguka peke yake, na farasi peke yake. Nilikuwa nahesabu siku za kaka yako, si za Mama Mkwe. Na mimi ndiye niliyekuandikia "tundu la nne" kwa herufi safi kama mtu anayejua. Sindano ya watu imepotea. Bwana Mkubwa anaondoka. Kama farasi atauzwa, ni kwa mkono wangu huuhuu.

Leo asubuhi sijakigusa kigingi. Ni mara ya kwanza. Kimebaki la kumi na tano na mimi nimebaki jikoni.

Nisamehe.

Wifi yako


16 Machi

Wifi yangu, wifi yangu,

Nimesoma barua yako nimesimama ofisini, nikacheka mpaka nikalia, nikalia mpaka mwenzangu wa maabara akaniletea kiti. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Ningepuliza na vumbi.

Sasa futa machozi utafute kalamu, maana mambo hayajaharibika. Nasema hayajaharibika. Kama Mama Mkwe alimng'ata Kibogoyo tarehe 8, hiyo ndiyo siku aliyoanza kukataa, hilo ndilo tundu la kwanza la kweli. Tulimpiga sindano kiini kikiwa na siku moja au mbili tu, ndiyo maana hakikusikia. Dawa ilipita kama mgeni aliyekosea nyumba. Haikumdhuru. Kesho tarehe 17 atakuwa tundu la kumi, kiini kimekomaa. Kwa hiyo nenda sasa hivi zizini, chomoa kigingi, kiweke la tisa. Kesho asubuhi la kumi. Ndani ya mfuko huu kuna sindano nyingine ileile. Sajini apige kesho. Mwambie kofia si lazima, lakini kama inamtuliza avae.

Akirudi kwenye joto, kitakachobaki ni kujua saa ya yai. Nitampima kwa mashine ya picha. Kifuko cha yai kikifika kama milimita thelathini na tano, nitampa dawa ya pili, na baada ya saa thelathini na sita hivi yai litatoka. Mbegu za Bwana Mkubwa ziwe zimeshatangulia mle ndani zinalisubiri.

Umesoma vizuri. Nimeandika "nitampima". Nakuja tarehe 24.

Na sasa ahadi yangu. Hiyo dawa ya pili, unajua inatoka wapi? Inatengenezwa kutoka mkojo wa wanawake wajawazito. Homoni inayomwambia mwanamke kwamba amebeba, ukimpa farasi inamwambia yai: toka sasa. Kaka nilipomweleza mara ya kwanza alicheka siku nzima, akasema sasa ameelewa kwa nini wajawazito wanatoa amri hivyo.

Wifi, hiyo dawa hata mimi ninayo sasa. Mwilini mwangu.

Unajua mara mbili zilizopita. Mara zote mbili mtu wa kwanza kumwambia alikuwa kaka, na mara zote mbili nilirudi kumwambia kwamba mimba imetoka. Alinipa kazi: shika hii ndoo, shikilia hii kamba. Safari hii nilipojua, niliinua simu nipige namba yake. Niliinua kabisa, nikabonyeza tarakimu tatu. Kisha nikakaa chini. Sikuwa na wa kumwambia, na nikaogopa kwamba nikimwambia mtu mwingine itaondoka kama zile.

Daktari wangu alinikataza barabara yenu ya mashimo mpaka miezi minne itimie, na akaniambia ile sindano ya kwanza nisiwe nayo hata chumba kimoja. Anayekufungia mizigo hii ni mwenzangu wa maabara. Ndiyo sababu nilikuandikia vile, kavu. Kila nilipotaka kukuandikia vizuri niliona nitasema yote. Ukadhani nakulaumu. Wewe ukajificha huko, mimi nikajificha huku, na farasi katikati anashangaa.

Miezi minne inatimia tarehe 20.

Tandika kitanda.

Wifi yako


17 Machi

Wifi!

Imepigwa. Jasho limetoka. Kigingi kiko la kumi.

Kitanda nilikitandika kabla sijamaliza kusoma ukurasa wa pili. Sajini nilimwambia, nisamehe, alikuwa amesimama hapohapo na nilipiga kelele. Ameuliza kama naye avae glavu akikusalimia.

Usibebe kitu chochote kizito. Hata begi. Dereva wa maziwa nimemwambia aendeshe polepole. Akasema, "Mama, nabeba maziwa kila siku na hayamwagiki, sembuse Daktari."

Wifi yako


28 Machi

Wifi yangu,

Umeondoka jana, na nyumba bado ina harufu ya sabuni yako ya kunawia mikono.

Nilitaka kukwambia mambo na ulipokuwa hapa sikuyasema, tulikuwa na kazi. La kwanza: ulipoingia zizini siku ile ukavua kitambaa cha kichwa ukasema, "Shikamoo, Mama Mkwe," nilitoka nje. Ulidhani nimeenda kuchukua maji. Nilienda nyuma ya pipa nikashika ukuta. Sauti ilikuwa yake, lakini safari hii sikukata.

La pili: asante kwa kunilazimisha kupiga ile dawa ya pili kwa mkono wangu. Miaka yote kaka yako alinipa tochi tu nishike. Uliposema, "Kifuko kimefika thelathini na sita, leo ndiyo leo, piga wewe," nilikawia mpaka Sajini akaanza kuhesabu kwa sauti kama tuko kwenye gwaride. Lakini niliiingiza. Mama Mkwe aligeuka akanitazama, kutoka kichwani mpaka miguuni. Safari hii sikuona dharau. Labda nimezoea.

La tatu: kile kizimba cha marobota ya majani alichojenga Sajini ili usipigwe teke bado kiko palepale. Kibogoyo anakila kidogo kidogo.

Jana asubuhi kabla hujapanda gari ulisema kifuko hakipo tena, yai limetoka, na mbegu zilikuwa zimelitangulia kwa siku nzima. Ulisema kwa utulivu kama mtu anayesoma hali ya hewa. Mimi nilikuwa nasikiliza, lakini nilikuwa natazama mkono wako mwingine, jinsi ulivyokuwa umeuweka tumboni bila kujua.

Bwana Mkubwa anaondoka kesho. Aende salama. Ameacha alichoacha.

Leo Mama Mkwe amemkataa Kibogoyo. Amemrudishia masikio, akampiga teke la hewani. Sajini akapiga saluti. Nikakichomoa kigingi nikakirudisha tundu la kwanza, kwa sababu ya farasi. Nimefanya hivyo mara ya kwanza maishani mwangu nikijua ninachofanya.

Tarehe 11 Sajini atamleta kwenu kwa tela ili umpige picha. Mimi sitakuja. Siwezi kusimama pale nikitazama uso wako unavyotazama kioo cha mashine. Niandikie tu. Mwanangu nimemwambia anisubiri mpaka siku hiyo. Akasema sawa, kwa sauti ileile niliyomwambia mimi.

Wifi yako


11 Aprili

Wifi,

Yupo.

Nimeandika hilo neno peke yake juu ili usitafute. Yupo. Duara jeusi la milimita ishirini na moja, safi, limesimama mahali pake. Ni mmoja. Nimepitisha mashine kila pembe mara tatu kutafuta pacha, kwa sababu mapacha kwa farasi ni balaa. Hakuna. Mmoja tu, mzima.

Sajini aliuliza, "Hiyo ndiyo yenyewe? Mbona kama tundu?" Nikamwambia ndiyo, Sajini, ni kama tundu. Akavua kofia. Hakuivaa tena mpaka alipofunga mlango wa tela.

Nakutumia picha. Nyuma yake kuna picha nyingine ndogo, ni ya jana, na hiyo si ya farasi. Ukiigeuza hivi, kichwa kiko kushoto. Daktari wangu anasema yuko vizuri, moyo unapiga kama anakimbizwa. Mara zile mbili hatukuwahi kufika hapa, wifi. Sikuwa na picha hata moja ya kumwonyesha mtu.

Wewe ndiye mtu wa kwanza.

Mwambie mwanao kwamba Mama Mkwe haendi popote.

Wifi yako


13 Aprili

Wifi yangu, mama mtarajiwa,

Barua yako ilifika jioni ileile. Dereva wa maziwa hakuishusha kwenye sanduku kama siku zote, alikuja nayo mpaka mlangoni, akasimama. Nadhani Sajini, aliyekuwa bado njiani na tela, alimwambia. Nilisoma neno moja, nikakaa kwenye ngazi. Dereva akaketi ngazi ya chini yangu, akasubiri, maziwa yake yako juani. Nilipomsomea alisema tu, "Afadhali," akaenda zake. Na kweli hakuna neno lingine. Afadhali.

Mwanangu nimempigia simu. Ndiyo, nimepiga, kwa sauti yangu mwenyewe, sikulia mpaka mwisho. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli. Halafu akaniuliza kama atakuwa wa kiume au wa kike, na kama anaweza kumpa jina. Nikamwambia jina lolote isipokuwa la mzazi wa mtu.

Picha zote mbili nimezibandika pale zizini, juu ya kibao. Mama Mkwe alizinusa, akapiga chafya. Mapazia nimeyatundika. Yamekuwa mafupi kidogo kwa dirisha, kaka yako angecheka. Nilifungua redio nikiyatundika, si juu sana.

Sajini amekuja na ubao mpya na penseli sikioni, anataka kunitobolea matundu mia tatu na arobaini, mpaka siku ya kuzaa. Nimemkatalia. Hiki cha kaka yako kinatosha. Nitakizungusha mara kumi na sita na siku chache, ndiyo miezi kumi na moja hiyo. Matundu yake yamelika pembeni kwa kuchomolewa, yana upole wa mkono wake. Wewe utakuwa umeshajifungua zamani, mzunguko wa saba au wa nane. Nimeweka alama ndogo ya chaki ubavuni, nitakuja kukaa nawe siku hizo, hata ukinifukuza.

Leo kiko tundu la kumi na saba. Buibui wa kwenye kofia ameondoka mwenyewe, nimeipangusa na kuirudisha msumarini.

Huwa nakihamisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya chai. Ukiwa macho saa hiyo, unikumbuke.

Wifi yako